Kura ya Mama

Kanuni ya tatu ilikataza maandishi jukwaani,
hata herufi moja, hata juu ya nguo.
Kwa hivyo Mbeyu aliivaa leso ya Mama
jina likiwa ndani, limeilalia ngozi ya tumbo,
na dunia nzima ikaona maua mekundu tu
na pindo jeusi.

Sisi wa Mikindani tulijua limeandikwa nini.
Mama aliichagua mwenyewe Barabara ya Biashara,
akafunua doti arubaini, muuzaji akaanza kukohoa kwa hasira,
mpaka akaifikia hii:
SIKUKUPA MALI, NIMEKUPA KOO.
Akalipa bila kuomba apunguziwe.
Hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito.

Saa nne usiku. Televisheni ya Bwana Badi
imetolewa barazani, waya umepita dirishani kwa Mama Akumu,
na fundi Tsuma yuko juu ya paa, kaishika antena
kama mtu aliyemshika beberu pembe.
"Hapo hapo! Usipumue!"
Nchi ishirini na sita. Sisi wa kumi na saba.
Karanga zikaisha. Watoto wakalala, wakaamshwa, wakalala.

Kabla ya kila wimbo, filamu fupi ya kwao mwimbaji.
Yetu ikaja na simba.
Simba akapiga miayo, twiga watatu wakapita.
Mama akasogea karibu na kioo: "Hao ni wa wapi?
Mie binti yangu nimemlea na paka,
tena wa jirani."
Haukuonekana mkokoteni wa maji tunaoungoja tangu alfajiri,
wala chumba cha dobi kule hotelini Nyali
ambako Mama hunyoosha mashuka mia mbili kwa zamu
na Mbeyu, miaka saba, chini ya meza,
alijifunza kuimba kuushinda mvuke.

Halafu yeye.
Mtangazaji akamwita Mbayu. Haidhuru.
Dakika tatu, kanuni ya kwanza, wala si nukta zaidi.
Ubeti wa nne, ule unaomtaja nyanya, ulikuwa umekatwa;
Mama akauimba kimyakimya,
midomo ikienda ilhali ala zimekwisha
na watu wa mbali wanapiga makofi.

Nikashika simu. Salio mia mbili, kaliweka tangu Jumatatu.
"Haya, mpigie dadako."
Nikamsomea kanuni ya tano: nchi haijipigii kura.
"Nani kasema?"
"Wao."
"Hata mama?"
Bwana Badi akavitazama viatu vyake.
Hata mama.

Akanyamaza. Kisha akamuuliza yule kijana,
namba tisa, wa Georgia, aliyekatikiwa na sauti katikati
akameza mate, akaendelea.
"Mamake naye hawezi kumpigia?"
Hawezi.
"Basi mpigie huyo. Labda na mwenzangu huko..."
Hakumaliza.

Ujumbe ukarudi:
Asante kwa kura yako. Umetozwa shilingi thelathini.

Saa nane na nusu wakaanza kusoma alama.
Kwetu sifuri. Sifuri. Sifuri tena.
Tsuma akashuka paani bila kuambiwa, picha ikabaki chenga,
tukasikia sauti tu: Estonia, alama saba, kwa Kenya.
Mama Akumu akapiga kigelegele kilichoamsha kuku.
Mama hakupiga. Aliuliza Estonia ni saa ngapi sasa,
na kwenye baridi hiyo mashuka huanikwa wapi.

Tulikuwa wa ishirini na moja.
Saa kumi na moja alfajiri akenda zamu kama kawaida.
Leso ilirudi wiki ya pili, ina harufu ya sabuni ngeni;
aliinusa, akaifunga kiunoni, maandishi nje.

Ule ujumbe wa shilingi thelathini hajaufuta.
Simu yake ikijaa
huanza na picha zetu.